Chai ya Waridi ni Yangu Peke Yangu

Jumatatu, 1 Oktoba 1973
Vita! Miaka miwili nauza Chai ya Waridi hapa Westlands, kwa jina na masala ya Bwana Taib, mwenye mkahawa mkubwa kule mjini. Jina nililitolea kilemba, ada ya kulipata, tena kinono. Leo amepita, amenisalimia vizuri, kisha akasema mwezi ujao atampa Ogutu jina lilelile. Ogutu! Mlango unaotazamana na wangu! Nikasema haiwezekani. Akasema mkataba unamruhusu, na unamruhusu pia kunifukuza siku yoyote. Nimeusoma. Unamruhusu. Mke wangu Naliaka anadai alinionya kabla sijatia sahihi. Sikumbuki. Duka hili likifa, tunarudi Bungoma na masufuria kichwani. Naogopa, nasema kweli.

Jumanne, 2 Oktoba
Hila: masala yangu mwenyewe. Simhitaji mtu! Nimesaga iliki, tangawizi na pilipili manga, nikatia karafuu, nikaongeza karafuu. Peres, karani wa bima na mteja wangu wa kila asubuhi, ameonja, akauliza kama hii ni ya kunywa au ya kuchua kifua. Wengine wameacha vikombe vimejaa. Ogutu alikuwa ng'ambo ya barabara akipaka rangi kibao chake. Amenipungia mkono! Mshenzi.

Alhamisi, 4 Oktoba
Naliaka ametoa wazo (nilikuwa nalo tayari): niende kwa Ustadh Mbarak, mwalimu wa chuo cha Kurani mjini, anayewaamulia wafanyabiashara wa Pwani. Taib havuki neno lake. Naliaka ameniambia niende mikono mitupu, niseme ukweli. Ushamba huo! Mwamuzi hulainishwa kwanza. Nimebeba birika kubwa na sinia la mahamri, nikafika saa saba mchana, nikampangia mbele yake. Hakuna aliyegusa. Taib mwenyewe alikuwepo, akaangalia pembeni. Nikadhani wanaogopa sumu, basi nikanywa kikombe kizima mbele yao, nikaisifu chai kwa sauti. Ndipo nikakumbuka. Ramadhani! Mimi ambaye wiki hii nzima nauza mahamri ya futari! Ustadh akaniambia kwa upole nirudi Jumamosi baada ya magharibi. Nimetoka kinyumenyume, nikakanyaga viatu vya watu mlangoni. Aibu imenila mpaka sasa.

Jumapili, 7 Oktoba
Ushindi! Ushindi mtupu! Jana, baada ya futari, Ustadh alimwuliza Taib kilemba alikichukulia nini, kama si Westlands. Taib akajibu kwamba mkataba ni mkataba. Ustadh akasema mkataba unaomfunga mmoja na kumwacha mwenzake huru ni kamba tu, na mtu akishauza mbuzi haendi kumuuza tena kwa jirani. Taib akasema mwezi ni mtukufu, hataki ubishi. Basi imeamuliwa: hakuna Chai ya Waridi nyingine Westlands. Hanifukuzi bila sababu wala bila notisi ya miezi sita. Masala ananiuzia kwa bei ya mjini. Ustadh ameongeza kwamba lau nisingekuja na birika, angetuamulia Alhamisi ileile. Wazee wana mzaha. Birika ndilo lililofanya kazi, mtoto mdogo anaona!

Jumatatu, 8 Oktoba
Wakili ameandika yote, tumetia sahihi. Ogutu amekwangua rangi ya kibao chake asubuhi nzima. Nimempelekea chai ya bure, nikasimama kumtazama mpaka akamaliza. Sijawahi kuonja chai tamu kama ile, na wala sikuinywa mimi.

Jumatano, 10 Oktoba
Sifa zangu zimefika Uthiru! Mbithi, fundi cherehani wa huko, amekuja akitaka naye auze Chai ya Waridi. Taib hana haja ya kusumbuliwa na mambo madogo. Nimemwandikia Mbithi mkataba kwa mkono wangu: masala atanunua kwangu, kwa bei nitakayoona inafaa, na nitamwondoa siku nitakayoamka nataka. Ameuliza yeye analindwa na nini. Nikamwambia analindwa na mimi. Ametia sahihi, amenipa kilemba, ameondoka akiimba. Jioni Ogutu naye amekuja, mnyonge kabisa, akiomba jina hilo hilo huko Uthiru. Kuna chumba kitupu, ukuta mmoja na Mbithi. Nimemkubalia, na kilemba chake nimepokea. Naliaka ameniuliza kama hiyo ni haki. Haki gani tena? Mkataba unaniruhusu!