Barafu Chini ya Kiti cha Ondoga

Alhamisi, 4 Desemba
Wiki tatu na siku mbili za ndoa! Mume wangu Ondoga (naandika tena: mume wangu!) ameenda kazini kwa miguu. Nimemwambia ni kwa afya. Kumbe nataka kufungua pikipiki yake. Mshangao wa mapenzi!

Jumapili nampeleka Dranya kwa wazazi wangu, mara ya kwanza tangu arusi. Shemeji Tongun, mume wa dada Elena, atakuwepo na pikipiki yake ya kunguruma. Siku ya arusi alisema ya Ondoga inalia kama cherehani. Ukumbi mzima ukacheka. Sijasahau.

Ijumaa, 5 Desemba
Boksi la hewa, linalozuia pikipiki kunguruma, nimeling'oa lote. Filta mpya imekaa, nyekundu, nzuri kama Ondoga akitoka kuoga. Kimebaki kidude kimoja kinaning'inia kwenye waya wake.

Fundi Obitre akapita, akashauri bila kuulizwa. "Bibi arusi, hiyo sensa inapima joto la hewa inayoingia kwenye injini. Toboa shingo ya filta, weka ndani, hewa ipite hapo."

Kutoboa filta mpya! Asante, Obitre. Ndiyo maana hujaoa.

Jumamosi, 6 Desemba
Nimepata! Obitre mwenyewe husema injini hupenda hewa baridi. Basi sensa ipewe baridi! Pale boksi lilipotoka, chini ya kiti, kifuko cha barafu kinaenea sawasawa, na sensa nimeifunga juu yake. Nani alisema Fizikia ya sekondari haisaidii?

Jumapili, 7 Desemba
Tulitoka Arua tukinguruma. Mtaa mzima wa Ediofe uligeuka kututazama! Nikamkumbatia Ondoga nikalia kwa furaha.

Kisha moshi. Mweusi, kama wa lori bovu. Kabla ya Koboko pikipiki ilikohoa mara tatu ikazima. Nani akatokea? Tongun, naye akielekea Dranya, na kamba. Akauliza kama cherehani imemaliza uzi.

Tuliingia Dranya tukivutwa. Barafu ilikuwa imeyeyuka, gurudumu likanirushia maji, kitenge changu kimelowa chote nyuma. Mama alitazama, akauliza kwa upole kama njiani hakukuwa na choo.

Baba akataka kujua nani aliharibu pikipiki. Ondoga akasema: ni mimi, Baba. Ati yeye! Malaika wangu! Baba akatikisa kichwa, akamwambia Tongun amfundishe. Ningeweza kusema ukweli, lakini sikutaka kuharibu jambo zuri namna ile.

Jumatatu, 8 Desemba
Obitre amesafisha plagi, nyeusi kama mkaa. Anasema sensa iliiambia injini kuna baridi kali, injini ikajimwagia petroli bila kipimo. Ameomba tena nitoboe filta. Ondoga amenibusu, akaomba nisiiguse pikipiki.

Maskini, heshima yake iko Dranya, mikononi mwa Tongun! Lazima nimrudishie kabla ya Krismasi. Na sasa kosa nimeliona: baridi ilizidi. Kesho, akienda kazini kwa miguu, naifunga sensa kwenye bomba la moshi.