Kome Wangu na Maji ya Kioo

Jumatatu, 2 Juni

Nimechoka! Bwawa langu la sato hapa Buswelu lina maji ya kijani kama mlenda. La jirani yangu Mihayo ni hivyohivyo, ila yeye hajali. Mimi najali. Tarehe kumi na tano binti yetu Sharon anapata kipaimara, na nimemwahidi mke wangu, Gladness, kwamba wageni watakula sato wetu. Nimesoma kwenye simu: kome huchuja maji. Kesho naenda ziwani.

Jumatano, 4 Juni

Nimemwaga magunia ya kome bwawani. Mihayo akauliza kama na hao wamealikwa kwenye kipaimara. Wivu!

Jumatano, 11 Juni

Maji yanang'aa kama kioo! Naiona mpaka kandambili yangu iliyozama mwaka jana. Nikamwita Mihayo ashuhudie. Akasema kwake samaki hawaonekani, ila wapo.

Ijumaa, 13 Juni

Alfajiri sato wote wamekuja juu, midomo wazi. Wananiamkia! Nikaitika, "Marahaba." Gladness akasema hao wanatweta, niite afisa uvuvi. Nikakataa. Mchana wakaanza kuelea ubavu. Nikamwita.

Afisa uvuvi, Dorcas, hakucheka. Heri angecheka. Akaeleza kwamba ule ukijani ni mimea midogo mno, ndiyo inayowapa samaki hewa majini. Kome wameila yote. Tena kome nao hupumua. Usiku kucha wamevuta hewa iliyobaki.

"Sasa niwafanyeje?"

"Watoe, baba. Leo hii."

Jumamosi, 14 Juni

Tope mpaka kiunoni, bado naokota kome. Mihayo kaja na ndoo bila kuitwa, kaingia, kaokota. Hakunisema hata kidogo. Hilo ndilo lililoniuma. Sato waliobaki hawajazi sufuria.

Jumapili, 15 Juni

Sharon kapendeza! Wageni wameshiba sato. Wa Mihayo. Gladness kamshukuru mbele za watu, mashemeji wote kutoka Bukoba wakapiga makofi. Nami nikapiga, polepole.

Jumatatu, 16 Juni

Nimemwelewa Dorcas kuliko alivyojielewa mwenyewe. Mimea hutoa hewa! Sasa ya nini kuhangaika na mimea isiyoonekana kwa macho? Nimekodi guta hadi Kigongo, ziwani, nimerudi nalo limejaa magugumaji, makubwa, ya bure, yenye maua ya zambarau. Bwawa lote nimelifunika, hata kidole hakipenyi. Mihayo kasimama uani kwake, kashika kichwa kwa mikono miwili. Nimemwambia asisikitike. Yamebaki mengi, kesho nitamjazia na la kwake.