Nyanya za Kinga ya Ubongo

Jumatatu, 4 Machi
Nimeitwa hospitali! Wanapima ubongo wa watu wenye kifafa, kama mimi. Daktari anasema ubongo una kinga zake, antioksidanti, zinazouzuia usichakae kama chuma kinavyoshika kutu. Mashine itazipima bila kunipasua. Nimeelewa nusu. Binti yangu anataka nihamie kwake, eti nisianguke nikiwa peke yangu, maana mama yake amefariki. Sihami! Kila ukuta hapa una mkono wa marehemu mke wangu. Nikipata kinga nyingi, binti atanyamaza.

Jumanne, 5 Machi
Jirani yangu, Fundi Saa, naye atapimwa. Hana kifafa! Eti wanataka na wazima, wa kulinganisha. Amenitambia kwamba ubongo wake haujawahi kupiga hata chafya. Nikamwambia tutaonana. Nasikia antioksidanti zimo kwenye nyanya. Nimenunua ndoo nzima. Vidonge vyangu nameza kama kawaida; nikiviacha, marehemu atafufuka anigombeze.

Jumatano, 6 Machi
Nyanya asubuhi, mchana, jioni. Tumbo linanguruma. Marehemu angesema, tafuna polepole mume wangu, hakuna anayekufukuza. Kila nilipoanguka, alikuwa akikilaza kichwa changu mapajani.

Alhamisi, 7 Machi
Mashine ni sumaku kubwa. Chuma marufuku! Nikatoa mkanda, funguo, saa. Kibanio cha nywele cha marehemu nikakificha kwenye soksi. Ningemwachaje nje? Kifaa cha mlangoni kikapiga kelele. Mpiga picha wa mashine akauliza, mzee, hiki nacho cha nani? Nikamwambia. Hakucheka. Ndani ya mashine, kwenye kioo kidogo juu ya macho, nilimwona ng'ambo ya dirisha amekishika kile kibanio muda wote.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemuuliza daktari kama nimemshinda Fundi Saa. Anasema huu si mtihani. Wanalinganisha makundi, si mimi na jirani, na ndoo ya nyanya haibadilishi kitu. Sijamwelewa hata kidogo. Binti naye anasema, baba, mimi sijali kinga, naogopa uanguke nisisikie. Nikamwonyesha kibanio. Akalia. Jioni akarudi na mizigo yake: anahamia yeye hapa!

Nimeshinda! Nilijua tu zile nyanya zingefanya kazi. Kesho nanunua karoti, kabla Fundi Saa hajashtuka.