Mbuzi Wangu wa Uturuki

Jumanne, 5 Agosti
Leo nimetunga uongo wa haja. Mwalimu Tuhfa wa chekechea anawapeleka watoto kwenye maonyesho ya wakulima Ijumaa, wakaone mifugo. Bila kuulizwa na mtu, nikasema nina mbuzi wangu huko. Wa Uturuki. Mwekundu! Akanitazama. Miaka yote napita dirishani pake, hakunitazama hata nilipotumbukia mtaroni. Akasema watoto wakimwona huyo mbuzi, basi wazee wangu wanaweza kwenda kuzungumza na baba yake.
Posa hiyo! Imening'inia kwenye mbuzi, na mbuzi sina.

Jumatano, 6 Agosti
Nimepata. Jirani yangu Bi Time ana mbuzi mweupe. Mtaa mzima wa Chumbageni humwita Shangazi, maana huingia nyumba za watu bila hodi na kula bila kukaribishwa. Nikampa Bi Time shikamoo mbili, nikamwambia mbuzi wake anakohoa, nampeleka kwa daktari. Akasema hajamsikia akikohoa. Nikamwambia hapo ndipo penye hatari.
Ibrahimu muuza maziwa naye anapeleka ndama wake maonyeshoni. Ana meno mazuri, na anajua. Simpendi.

Alhamisi, 7 Agosti
Hina! Mabibi harusi hupakwa, mbuzi ana nini? Nimekoroga na ndimu, nikampaka mwili mzima, nikamfunga mifuko ya nailoni ikolee. Nikajinyoosha kidogo tu. Kuamka, lahaula! Kala mifuko, kajilamba ubavu wote wa kushoto. Kulia rangi ya tofali, kushoto mweupe pe. Si kitu, wataonyeshwa kulia. Viganja vyangu vimekolea vizuri zaidi yake.

Ijumaa, 8 Agosti
Aibu! Aibu ya kugawia wilaya nzima na ikabaki.
Nilimsimamisha ubavu mweupe ukutani. Watoto wakaja wameshikana mashati. Nikaanza kueleza kwamba mbuzi huyu hula zabibu tu na Kiswahili hakijui. Kitoto kimoja, kamasi hadi mdomoni, kikapiga kelele: "Shangazi!" Mbuzi akageuka. Chekechea nzima ikaitikia: "Shangazi!" Akawakimbilia, nusu tofali nusu maziwa, akatia kichwa kwenye mkoba wa Tuhfa na kuyafakamia maandazi ya watoto. Kitoto kingine kikamweleza mwalimu kwamba huyu ni wa Bi Time na alikula ndala ya babu yake. Tuhfa akamtazama mbuzi, akavitazama viganja vyangu. Akaniuliza harusi yangu ni lini.
Kisha akawapeleka kwa Ibrahimu. Ndama akawalamba mikono, wakacheka, na Tuhfa akacheka. Nimeumia, sifichi. Nimerudi kwa miguu nikilia, mbuzi akitafuna kola yangu.

Jumapili, 10 Agosti
Bi Time ameamua mbuzi nimchunge mimi mpaka rangi itoke. Na wazee wa Ibrahimu wameshafika kwa baba yake Tuhfa. Wamepokewa kwa kahawa na halua, nasikia. Haya! Mtu hujifunza. Kosa langu nimeliona: mbuzi ni mnyama mdogo mno.
Precious, mwalimu mwenzake Tuhfa, katoka kanisani akanikuta nachunga. Akaniuliza kwa upole kama moyo umepoa. Ana sauti nzuri, sikuwahi kuisikiliza. Nikamwambia mbuzi ni wa kujifurahisha tu, mimi hasa nafuga ng'ombe wa Kiholanzi, weusi wenye mabaka meupe. Akasema watoto watafurahi mno, atawaleta kesho kutwa.
Abass wa nyuma ya nyumba ana ng'ombe mweusi tii. Chokaa nimeshaloweka.