Mizinga Ishirini na Moja, Hali Nzuri

Je, mzinga ukianza kutoa asali, unaacha kuwa silaha? Nimesoma sheria, kanuni na nyaraka zote zilizomo katika kabati la ofisi, na jibu sijalipata. Naandika kwa unyenyekevu unaomfaa mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeletwa hapa kwa mafunzo ya miezi mitatu, na ambaye cheti chake kinangoja sahihi ya Mkurugenzi.

Jumatatu asubuhi, Mkurugenzi wa Ofisi ya Urejeshaji wa Silaha za Askari wa Kikoloni alitutangazia kwamba kazi ya kihistoria imekamilika. Silaha zote walizoziacha askari wa mkoloni zimepatikana, isipokuwa zile ambazo hazijapatikana. Orodha tuliyoirithi ilikuwa fupi, imeandikwa kwa mkono na karani wa kambi yao: bunduki arobaini, singe arobaini, rashasha mbili, mizinga ishirini na moja, hali nzuri. Bunduki tulikuwa nazo, kumi na mbili zikitumika kama makomeo ya milango. Singe zilikuwa jikoni, zikikata mkate wa chai ya saa nne. Rashasha zilikandamiza majalada yasipeperuke. Kilichokosekana ni mizinga, na Alhamisi Waziri angekuja kuyafungua maonyesho ya silaha hizo, naye alikwishaahidiwa kwa maandishi kwamba atapigiwa mizinga ishirini na moja.

"Mizinga ipo," alisema Mkurugenzi. "Kilichopungua ni juhudi."

Juhudi ilipatikana kabla ya chakula cha mchana. Dereva wa ofisi alisema kwamba nyuma ya kambi ile ya zamani anaishi bibi mmoja mrina asali, mwenye mizinga mingi kuliko jeshi lolote. Alisema kwa utani. Mkurugenzi hakucheka, aliagiza lori.

Tulimkuta Bibi Mrina akikausha nta. Nilimwamkia, akaitikia marahaba mjukuu wangu, akauliza kama tumefuata asali ya kula au ya dawa. Mkurugenzi akamsomea barua: mizinga yote iliyomo katika eneo la kambi ni mali ya serikali, kwa mujibu wa orodha. Bibi alieleza, kwa upole ule anaoelezwa nao mtoto, kwamba haya ni magogo aliyoyachonga marehemu mumewe, kwamba ndani mna nyuki, na kwamba kila mzinga una malkia wake.

"Umesikia?" Mkurugenzi alinigeukia. "Malkia. Ushahidi gani mwingine wa ukoloni unautaka? Andika."

Niliandika. Bibi alikuwa na mizinga thelathini. Tulihesabu ishirini na moja tukaishia hapo, kwa sababu serikali si mwizi.

Matundu ya mizinga yalizibwa kwa lakiri na kupigwa muhuri, kisha mizinga yote ikapangwa ghalani. Katika safu ya hali ya silaha nilitakiwa kueleza nilichokiona. Mizinga ilikuwa mizito, nayo ilivuma. Niliandika: imejaa.

Jumanne, Bibi Mrina alikuja akaketi kwenye benchi la nje ya ghala. Alisema hakufuata ugomvi, amekuja kutuambia saa zilizobaki tu. Nyuki waliofungiwa huchemshana kwa joto lao wenyewe. Masega huyeyuka, nao wakafia ndani ya asali yao. Na ghala letu ni la bati. Wakifunguliwa kabla ya kesho adhuhuri watapona. Baada ya hapo, Waziri ataonyeshwa makaburi. Aliyasema haya akiwa ameliegemeza sikio ukutani, kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Babu yangu alinyang'anywa na wenye bunduki," aliniambia. "Ninyi mmekuja na kalamu. Ni maendeleo, mjukuu wangu, siwezi kukataa."

Nilirudi kwenye ile orodha. Ukurasa wake wa pili ofisi haikuwa imewahi kuusoma, maana ulikuwa umegandana na wa kwanza. Niliutenganisha kwa mvuke wa birika. Karani alikuwa ameandika: mizinga imerinwa, madebe sita yamepelekwa meza ya maofisa, mwenyewe analia getini.

Mkurugenzi aliusoma mara mbili. Alinieleza kwamba hiyo ni lugha ya mafumbo ya kijeshi, inayohitaji utafiti wa kina. Kisha akachukua gundi, akazirudisha kurasa zile katika hali tuliyozirithi, kwa ajili ya kuhifadhi urithi.

Nilimwomba ushauri Dereva.

"Dada, bosi akisema mzinga ni wa kufyatua, ni wa kufyatua," alisema. "Mimi ninaoujua ni ule anaonipiga kila asubuhi, wa kuomba sigara. Na huo nao hataki uandikwe."

Jumatano saa nne asubuhi aliingia Kapteni. Mkurugenzi alikuwa ameliandikia jeshi barua kuomba wapigaji ishirini na mmoja, akaambatisha orodha niliyoiandaa. Kapteni hakuleta wapigaji. Alileta askari wawili na pingu, akabaki amesimama, akasoma barua ile kwa sauti, taratibu, kana kwamba maneno yake yangeweza kulipuka.

"Mizinga ishirini na moja. Hali nzuri. Imejaa." Akaikunja. "Mkurugenzi, jeshi zima lina tisa. Wewe unataka kumpindua nani?"

Mkurugenzi alicheka, akagundua kwamba anacheka peke yake, akaacha.

"Afande, hii ni ya nyuki."

"Nyuki."

"Wadudu wa kawaida tu. Wa asali."

Kapteni alisema kwamba yeye ni mtu rahisi na njia anazoziona ni mbili. Ikiwa ni mizinga ya vita, Mkurugenzi ataondoka naye sasa hivi. Ikiwa ni ya nyuki, basi Waziri ameahidiwa uongo wenye sahihi na muhuri, na barua itaendelea na safari yake hadi mezani kwa Waziri. Vyovyote itakavyokuwa, anataka maelezo ya maandishi.

Hapo Mkurugenzi alinigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nifike aliniita binti yangu. Alinikumbusha kwamba mimi ni mwanafunzi, na kwamba wanafunzi hukosea, ndiyo maana wanasoma. Niandike kwamba nilikosea kwa kukosa uzoefu, nikadhani nyuki ni silaha, nikamponza mkubwa wangu. Cheti kingetiwa sahihi leo hii, alama za juu kabisa. Alinisogezea karatasi na kalamu yake mwenyewe, ile ya wino wa kijani.

Dirishani nilimwona Bibi Mrina akihamisha sikio kutoka sehemu moja ya ukuta wa ghala hadi nyingine. Aliinua macho akanitazama.

"Wanapungua," alisema, bila kunilaumu.

Niliirudisha kalamu mezani.

"Afande, sitaandika hivyo," nilisema. "Nitaandika kwamba mizinga ni ya nyuki, kwamba mwenyewe ni bibi huyu, na kwamba Mkurugenzi alilijua hilo kabla ya kutia sahihi. Cheti na abaki nacho. Nitaandika nikirudi. Sasa hivi nakwenda ghalani kubandua lakiri ya mizinga yote ishirini na moja, na anayetaka kunizuia anifuate humo ndani."