Mtoto wa Mburu na Safari ya Agosti

Maneno hayo yalinifikia nikiwa kwa foleni ya kusaga mahindi, na tangu siku hiyo yalikataa kutoka kichwani. Ati huko Wang'uru kuna mtu aliwaambia akina mama wawavalishe watoto nguo za Krismasi, walipe nauli, wawapakie chakula, wangojee basi kwa kituo cha petroli. Watoto wakavaa. Wakangoja. Jua likapanda, wali ukachacha kwa mikebe, na mtoto mmoja akajikojolea kwa sababu aliogopa akienda chooni basi ingemwacha. Hakuna basi iliyokuja. Na huyo mtu, kabla ya kupotea, alikuwa ameombea mifuko ya watoto, mmoja mmoja, macho yamefungwa.

Hiyo ya mifuko ndiyo ilininyima usingizi. Mwizi wa kuku huiba kuku akaenda zake. Hamwombei kuku.

Kile sikujua ni kwamba mtu huyo alikuwa ameshafika Nyeri, na alikuwa anakunywa chai.

Alijiita Waweru. Alikuwa na tai ya zambarau, viatu vya kung'aa, na sauti kama ya mtu wa kusoma matangazo ya vifo kwa redio: polepole, ya upole, ukiisikia unataka kumpa kiti. Aliketi kwa hoteli moja karibu na soko, na nyuma yake waliketi Murugi, anayeuza mitumba, na Sophie wa saluni.

"Shule imefungwa na mimi nimekwisha," Sophie alikuwa akisema. "Wamemaliza sukari, sasa wanapigana."

"Wangu amepanda juu ya kabati. Nikamuuliza unatafuta nini huko. Ati anatafuta kitu cha kufanya."

"Na wa dada yangu Nairobi kila wikendi wako kwa tamasha! Ameweka picha kwa status mpaka simu yangu ikazima."

Waweru aliweka kikombe chini kama mtu aliyepokea habari za msiba. Akageuka.

"Samahani, akina mama. Sipendi kuingilia maneno ya watu. Lakini mzazi akilia, mimi roho yangu haitulii."

"Wewe ni daktari?" Murugi akauliza.

"Mimi ni direkta. Wa matembezi ya watoto."

Akawapeleka Nairobi papo hapo kwa maneno, bila nauli. Akawaonyesha mashua ikizunguka ziwani, kasri la hewa la kurukaruka, wachoraji wa kugeuza uso wa mtoto kuwa simba, chipsi zisizoisha. Halafu akapunguza sauti. Kuna ukumbi, akasema, sakafu yake yote ni barafu, na watoto wanateleza juu yake.

"Barafu?" Murugi akasema. "Na ile iko hapo juu mlimani?"

"Hiyo ya mlima, mama, ni baridi tu."

"Na hiyo ya Nairobi?"

"Hiyo ni burudani."

Hapo ndipo mtu angebeba mkoba wake aondoke. Dirisha lilikuwa wazi, na Mlima Kenya ulikuwa hapo umevaa barafu yake ambayo haujawahi kulipisha mtu kuiangalia. Lakini Sophie hakuwa anaangalia dirisha. Alikuwa anaangalia picha ambayo bado haijapigwa: watoto wake kwa barafu, na dada yake Nairobi akiiona.

Sasa, hawa wawili walikuwa kwa kikundi cha akina mama wa kanisa, na kikundi hicho kilikuwa kimeweka akiba mwaka mzima kwa jambo moja tu, kupeleka watoto mahali Agosti. Mwaka uliopita akiba iliishia kwa matanga. Safari hii watoto walikuwa wameahidiwa, na wengine walikuwa wanalala na viatu. Hiyo akiba ikipotea, hakuna mama angeweza kuingia nyumbani kwake na uso.

Waweru akapelekwa kwa mwenyekiti, Wakonyo. Wakonyo huuza viazi, na ni mtu wa kugonga tikiti maji mara tatu kabla ya kuuliza bei. Alimwangalia Waweru hivyo hivyo.

"Maneno ni mazuri," akasema. "Lakini sisi hatupei mtu asiye na kwao. Kuja Jumapili ujitambulishe."

Huku kwetu mgeni haingii kanisani akae tu kama mzigo. Anasimama mbele ya watu, anasema jina, anasema baba yake, anasema ametoka wapi. Waweru alilijua hilo, na alikuwa amejiandaa. Alitafuta mahali palipo mbali kiasi cha kutojulikana, na karibu kiasi cha kuaminika. Akachagua Kiriaini. Baba naye akamchagua akiwa marehemu, kwa sababu marehemu hapigiwi simu.

"Bwana asifiwe! Naitwa Waweru. Mimi ni mtoto wa marehemu mzee Mburu, wa Kiriaini. Nimeokoka, na napenda watoto."

Watu wakapiga makofi. Mchungaji akaombea safari. Mama mmoja alifuta machozi, na hakuwa hata na mtoto.

Kufikia jioni akiba yote ilikuwa ndani ya simu ya Waweru. Angeondoka hapo, leo singekuwa na la kuandika. Lakini Sophie, kwa ile furaha yake, akamwambia kwaya pia wanataka nafasi na watalipa Alhamisi. Waweru akakumbuka ghafla kwamba Nyeri ina hewa nzuri. Akabaki.

Jumanne, mama anayemletea Sophie mchele kutoka Wang'uru akaja saluni, akaona picha ya Waweru kwa simu ya Sophie, mchele ukamwagika.

"Huyu! Hii tai! Huyu ndiye aliombea mfuko wa mtoto wangu!"

Kabla ya chakula cha mchana kikundi chote kilikuwa kwa Wakonyo. Sophie analia. Murugi anataka polisi. Wakonyo anamenya viazi.

"Polisi watatupatia namba ya kuandikisha, twende nayo nyumbani," Wakonyo akasema. "Na tukipiga kelele ati mwizi, watu wa boda boda watamchoma kabla hajaturudishia chochote. Hapana. Tusimwite mwizi."

"Tumwite nani?"

Wakonyo akatupa kiazi kwa sufuria. "Si alisema ni mtoto wa Mburu? Basi tumwite nyumbani."

Alhamisi Waweru alifika kwa uwanja wa kanisa akiwa na tai yake. Akakuta hema, viti vya plastiki, sufuria zinachemka, watu wamejaa. Akafikiri ni kwaya. Akatabasamu mpaka hapo mama mmoja mkubwa, ambaye hajawahi kumwona, alipomrukia shingoni.

"Waweru wa Mburu! Woi, mtoto wa kaka yangu! Uko hai!"

Huyo alikuwa Wachuka. Kwa kweli ni wa Kiriaini, na sauti yake hufika Kiriaini akiwa Nyeri. Alimlilia Waweru kwa bega mpaka koti likalowa.

"Mama, nafikiri…"

"Usiniite mama! Mimi ni tata yako, dada ya baba! Amekonda, muone! Wakwe zake wako wapi? Mleteni awaone!"

"Wakwe?"

Kutoka chini ya hema wakasimama wazee wawili wenye kofia na fimbo. Wa mbele alikuwa mzee Muriithi. Kati yao alisimama msichana wa nguvu, mikono amefunga kifuani, anamwangalia kama deni la duka. Huyo ni Nyawira. Mume wake wa kweli alikuwa pale nyuma anagawa soda, akijizuia kucheka.

"Kijana," mzee Muriithi akasema taratibu, "ulichukua msichana wangu, ukaacha mahari katikati, ukapotea. Sisi tulisema huyu amekufa. Jumapili tukasikia umesimama kanisani, umesema baba yako na kwenu. Tukasema, Mungu ni mwema, amekuja kumaliza."

"Mzee, mmekosea mtu."

Wakonyo akasonga mbele, akipangusa mikono na leso.

"Tumekosea? Kwani wewe si Waweru wa mzee Mburu, wa Kiriaini?"

Waweru akaangalia mchungaji. Mchungaji akaangalia Waweru. Pale langoni vijana wa boda boda walikuwa wamezima pikipiki wasikie vizuri.

"Ama," Wakonyo akaongeza kwa upole sana, "ulitudanganya nyumbani mwa Mungu?"

Nimefikiria mara nyingi jinsi mtu huyo alivyosimama hapo. Akikataa baba, yeye ni mwongo, na langoni kuna pikipiki. Akikubali baba, yeye ni mkwe.

"Ndiye mimi," akasema.

Vigelegele vikapasua hema. Wakamketisha kiti cha mbele, wakampa soda. Halafu wazee wakaanza. Kuna mbuzi wa baba, ambao hawakuletwa. Kuna kondoo. Kuna blanketi ya mama mkwe.

"Sina mbuzi hapa," Waweru akasema.

"Siku hizi mbuzi hutembea kwa simu," mzee Muriithi akamjibu, akatoa yake.

Akatuma. Watu wakaimba. Akatuma tena. Tata Wachuka akakumbuka shuka ya nyanya ya msichana. Akatuma. Mama wa mchele naye akainuka kutoka nyuma, akasema yeye ni shangazi ya bibi harusi upande wa Wang'uru, na huko pia kuna mbuzi wengi. Waweru alipoiona ile sura na kukumbuka ameionea wapi, hakuuliza ni wangapi, akatuma. Waliendelea kudai mbuzi mpaka simu ikakataa, salio limeisha. Hapo ndipo wakampakulia chakula, sahani imejaa kama ya mkwe kamili.

Mzee Muriithi alimsindikiza mpaka langoni. Waweru akamwinamia sikioni.

"Mzee, niambie ukweli. Huyo Mburu mlimjua?"

"Kiriaini akina Mburu ni wengi," mzee akasema. "Lakini huyo wako ulimzaa wewe mwenyewe, Jumapili."

Watoto hawakwenda Nairobi. Akina mama walikodi basi wakashuka Sagana, na wale wa Wang'uru wakawakuta huko na nguo zao za Krismasi. Walikula samaki, wakachezea maji, wakapanda mashua ya mpira, mmoja akatapika. Sophie alipiga picha mto bila kuonyesha mahali, akaandika ati "Tuko tu huku", dada yake afikirie atakavyo. Na wiki iliyopita akaniambia kuna mtu huko Nanyuki ana kambi ya Disemba yenye ngamia wanaojua kuogelea, na nafasi zinaisha.

Kwa hivyo naandika hii. Epukeni haya:

Safari isiyo na basi unayoweza kuigusa.

Mtu anayejua shida yako kabla hujamwambia.

Nafasi zinazoisha leo.

Kulipia barafu.

Kushindana na dada yako kwa status.

Mtu anayeombea mfuko na hajauliza ndani kuna nini.

Na wewe wa tai ya zambarau, kama unasoma: usimtaje baba kanisani kama huna mbuzi.