Kobe wa Bibi Winnie Kashtakiwa kwa Utoro

Kuanzia Jumatatu, hapa nyumba za wazee za Marlthorpe, ni marufuku kusema kitu "kimeenda eiwoli" bila kujaza fomu tatu. Hiyo ni amri ya Kamati, na mimi nimo ndani, kwa hiyo naitangaza kifua mbele.

Eiwoli, wajukuu zangu, ni neno la jeshi. Ni askari aliyeondoka kambini bila ruhusa. Lakini sisi Waingereza tumezidi: miwani ikipotea, eiwoli, meno ya bandia, eiwoli, mume wa Doreen akinogewa baa, eiwoli. Mwenyekiti wetu, Bwana Desmond Purkiss, ambaye zamani alihesabu soksi kwenye ghala la jeshi, akaona neno linavunjiwa heshima. Akatunga kanuni: asiyeonekana siku thelathini bila ruhusa ya maandishi ni mtoro, anafukuzwa.

Wa kwanza kunaswa ni Bertram, kobe wa Bibi Winnie. Novemba mpaka Machi hakuonekana bustanini. Akaletwa kikaoni, akawekwa mezani, kando ya biskuti.

"Mshtakiwa, ulikuwa wapi?" Purkiss akauliza.

Kobe akaingiza kichwa.

"Andika: amekataa kujibu."

"Alikuwa amelala kwenye boksi lake la majani makavu, we baba!" Bibi Winnie akafoka. "Kobe hulala baridi yote! Marehemu mume wangu kaniachia huyu. Mkimfukuza nibaki na nani, redio?"

"Ruhusa ya maandishi anayo?"

"Kobe aandike?"

"Angetuma mwakilishi," nikasema mimi. Hoja nzito hiyo. Hata waliokuwa wanakunywa chai walisita.

Bibi Winnie akafuta machozi. "Basi someni daftari la mahudhurio. Haki ni haki."

Katibu wetu, Olwen, akasoma taratibu: "Novemba mpaka Machi hawakuonekana wawili. Bertram. Na Bwana Purkiss."

"Mimi nilikuwa Hispania!" mwenyekiti akaruka. "Kila baridi naenda! Mifupa yangu—"

"Ruhusa ya maandishi?" Olwen akauliza.

"Nani aniandikie? Mkubwa ni mimi!"

"Bertram hakuvuka hata geti, Desmond," Bibi Winnie akasema. "Wewe umevuka bahari. Sasa mtoro nani?"

Tukapiga kura. Bertram akaachiwa huru, Purkiss akafukuzwa. Lakini hatuna roho mbaya: tumemruhusu abaki, mradi baridi ijayo ailale hapahapa. Bibi Winnie ameshaanza kumkusanyia majani makavu.